Pwani Inayohama: Vyombo Vidogo na Ajali katika Mwambao wa Katavi

Msafiri afikaye Mpanda kwa garimoshi kutoka Kaliua haoni dalili yoyote ya ziwa. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, nayo yakomea katikati ya miombo, na Ziwa Tanganyika liko mbali, zaidi ya kilomita 100 upande wa magharibi. Machimbo yalifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na pamoja na reli likabaki soko. Sokoni humo ndimo ziwa lionekanamo. Dagaa na migebuka iliyokaushwa hufika kutoka Karema na Ikola, na kila gunia la samaki limepita kwanza katika chombo cha mbao kilichokesha majini. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, kwa kawaida husifiwa kwa viboko wa mto Katuma na mbuga zake; habari za mwambao wake huachiwa wavuvi.

Historia ya mwambao huo imekwisha kuandikwa mara nyingi, lakini wenye kuiandika waliandika habari za mambo makubwa: biashara ya pembe na watumwa, misheni, vita vya Wajerumani na Waingereza. Mtumbwi na mashua viliingia katika vitabu hivyo kama punda aingiavyo katika hadithi ya arusi. Vilibeba mizigo, navyo vikasahauliwa. Hata ajali zake zilitajwa kwa neno moja tu, kwamba ziwa lilichafuka. Ushahidi uliopo, ukisomwa kwa utulivu, waonyesha jambo jingine. Ajali za vyombo vidogo katika ziwa hili, kwa sehemu kubwa, zilianza ufukoni. Zilianza mahali ambapo chombo kilitiwa nanga, kilipopakiwa, au pale mtu aliyesimama nchi kavu alipoamua kwamba chombo kiondoke.

Ziwa lenyewe si la kudharauliwa. Urefu wake wapata kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470, ilhali upana wake wa wastani ni kilomita 50 tu. Umbo hilo jembamba ndilo asili ya tabia yake. Upepo wa kusi, ambao huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, huingia kwa ncha ya kusini na kuufuata urefu wa ziwa kama mtu apitaye katika ujia. Ukifika mbele ya Karema umekwisha kusukuma maji kwa kilomita 200 na zaidi, na wimbi lililosafiri mwendo huo ni wimbi zima. Tena mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya wima kuliko ya bahari. Chombo hakijamaliza kushuka katika moja kabla la pili halijakipiga gubeti. Wakati wa masika hatari hugeuka upande. Tufani hutoka katika milima ya ng'ambo ya Kongo, huja ghafula, na kwa kuwa pwani ya Katavi yaelekea magharibi, chombo kilichotia nanga karibu na nchi hujikuta kati ya wimbi na mchanga.

Watu wa kale waliyajua hayo bila ya kuyapima. Mitumbwi mikubwa ya Wajiji ilichongwa kwa magogo ya mvule yaliyokatwa katika milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi. Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji mwezi Februari 1858, walipanda vyombo hivyo hivyo. Ule mtumbwi mkubwa waliouendea Uvira mwezi Aprili ulikuwa na urefu wa futi 60 hivi na upana wa futi 4 tu. Katika maandishi yao wasafiri hao wawili huwashutumu wapiga kafi kwa uvivu na ushirikina, kwa kuwa walifuata pwani badala ya kukata maji, walitua mara kwa mara, na walikaa kitako wakati Wazungu walipotaka kuondoka. Lakini msomaji aufikiri mtumbwi wa futi 60 usio na mkuku, wenye ubavu mfupi, uliojaa watu na mizigo, katika maji yaliyokwisha kuelezwa. Mpiga kafi aliyekataa kuondoka alikuwa akifanya kazi yake. Mwezi Machi 1858 Speke alipokuwa akivuka kwenda kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi la kukodi, dhoruba ilimkamata akiwa kisiwani Kivira, ikaliangusha hema lake, na wadudu waliofuata mwanga wa taa wakamwingilia. Mmoja alizama katika sikio lake akamwacha na ugonjwa wa miezi mingi. Dhoruba hiyo haikumkuta mtu yeyote majini, kwa sababu mabaharia walikuwa wamekwisha kutua. Katika kisa hicho wasomaji wamekumbuka mdudu, wakawasahau mabaharia.

Hali kadhalika zile habari za Kabogo. Stanley alisimuliwa mwaka 1871 juu ya mlima ulio kando ya ziwa, wenye mapango yanayomezwa na maji na kunguruma kama radi, mahali ambapo vyombo vingi vimepotea na ambapo mpitaji hutupa shanga na nguo majini ili apite salama. Ni rahisi kuicheka desturi hiyo. Hata hivyo, mtu alazimikaye kutupa shanga mahali fulani hana budi kupajua mahali hapo kwa jina, kupatambua kabla hajapafikia, na kupunguza mwendo. Kijana aliyekaa tezini kwa mara ya kwanza alijifunza ramani ya hatari kwa kutazama mikono ya wakubwa wake. Shanga zilipoachwa kutupwa, na hapana ubaya kwamba ziliachwa, ramani ile haikuandikwa mahali pengine popote kwa ajili ya wavuvi.

Mgeni wa kwanza aliyelitazama ziwa kwa macho ya baharia alikuwa Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwezi Agosti 1878. Huyu alikuwa nahodha mwenye cheti, naye hakuwa na haraka. Alianza na chombo cha kienyeji alichokipa jina la Calabash, akalizunguka ziwa akiandika habari za pepo, ghuba na mahali pa kukimbilia. Baadaye mwaka 1883 akashusha majini mashua ya chuma iitwayo Morning Star, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, na mwaka 1885 ikashuliwa Good News huko Liendwe, kusini mwa ziwa. Katika kazi zake zote jambo alilolitilia mkazo lilikuwa bandari. Baharia wa kweli, afikapo maji mageni, huuliza kwanza atalala wapi.

Swali hilo halikuulizwa Karema. Mwezi Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alichagua mlima mdogo uliokuwa karibu na maji akajenga boma. Mwaka uliofuata Joseph Thomson alipita akashangaa. Aliona kinamasi, pwani iliyo wazi mbele ya upepo, na hapana ghuba ya kulindia hata mashua moja. Huenda Thomson alikuwa na kiburi cha kijana wa miaka 22, lakini katika jambo hili alisema kweli. Boma lilifaa kwa bunduki, halikufaa kwa nanga. Wabelgiji hao hao walitaka kulitumia kama mlango wa kuvukia ng'ambo, na Mpala, kituo cha pili, kilianzishwa mwaka 1883 kwa kuvuka ziwa kutoka hapo.

Kisha ziwa likaondoka. Jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu, kwa maana ndilo lililowafunga na litakalowafunga wenye vyombo wa mwambao huu. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio pekee utoao maji ziwani. Katikati ya karne ya 19 mlango wake ulikuwa umezibwa na matope na majani. Verney Lovett Cameron, aliyepita pwani ya mashariki kwa vyombo vyake viwili mwaka 1874, akauona mlango huo, aliukuta umezibwa na mimea. Maji yalikuwa yakipanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta miti aliyoiacha sokoni mwaka 1871, mahali pa kupigia soga na kuuzia samaki, sasa imesimama ndani ya ziwa. Miaka miwili au mitatu baadaye kizuizi cha Lukuga kilivunjika, na Hore akaufikia mto huo mwaka 1879 akaukuta ukienda kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10.

Mita 10 za wima, katika pwani ya mteremko mpole kama ya Karema, ni mwendo mrefu wa mlalo. Boma la Cambier, lililojengwa ili liwe ufukoni, likabaki juu ya kilima chake likitazama nyasi. Wamisionari wa White Fathers, waliokabidhiwa mahali hapo mwaka 1885, waliishi humo kwa miaka mingi wakiwa na ziwa la kulitazama kwa mbali. Adrian Atiman, yule tabibu aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Malta, alifika Karema mwaka 1889, na alipofariki mwaka 1956 alikuwa amehudumu miaka 67 katika kijiji ambacho ufuko wake ulikuwa umebadilika mahali zaidi ya mara moja.

Kwa mwenye mtumbwi, kuhama kwa ufuko si jambo la kijiografia tu. Mwamba uliokuwa chini ya kafi tatu za maji sasa uko chini ya kafi moja. Ghuba aliyoionyeshwa na babu yake imekuwa tope. Mahali pa kukokotea chombo pana mchanga mpya usiojulikana ugumu wake, na wimbi ambalo zamani lilivunjika mbali sasa lavunjika mguuni. Elimu ya pwani, ambayo ndiyo mali kubwa ya nahodha wa chombo kidogo, huchakaa. Ndiyo sababu visa vya mashua kupinduka wakati wa kutua vimekuwa vingi katika masimulizi ya mwambao huu kuliko visa vya kupotea kilindini, ingawa vya kilindini ndivyo viimbwavyo.

Hata vyombo vya serikali vilipata funzo hilo. Mapema mwaka 1916, katika vita vya ziwani, boti ya Kiingereza iliyoitwa Toutou, iliyokokotwa misituni kwa jasho la watu wengi, iliumizwa na dhoruba ilipokuwa imefungwa Lukuga. Haikuumizwa na mizinga. Meli ya Kijerumani Goetzen ilizamishwa na wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa mafuta mazito kwa uangalifu. Wabelgiji wakaiinua baada ya vita, wakaifikisha Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena palepale ilipotia nanga. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likiitwa sehemu ya kusini ya ziwa hili.

Liemba ilileta katika pwani ya Katavi desturi mpya, na pamoja nayo hatari mpya. Kwa miongo mingi Karema na Ikola hazikuwa na gati la kuifunga meli ya namna hiyo. Meli ilitia nanga mbali na nchi, ikapiga honi, na mara mashua na mitumbwi ikatoka mbio gizani kuifuata. Aliyefika kwanza alipata abiria wengi. Mashua zilibanana ubavuni mwa chuma kile kirefu, watu wakarukia mlangoni, watoto wakarushwa kutoka mkono hadi mkono, magunia ya dagaa na ya mchele yakapandishwa kwa kamba huku mengine yakishuka. Katika usiku wa kusi ubavu wa meli hupanda mita moja na mashua hushuka mita moja kwa wakati mmoja. Mguu uliokwisha kutoka mashuani na haujafika melini ndio mguu uliokuwa katika hatari kubwa kuliko yote ya safari nzima, ijapokuwa safari ilikuwa ya mamia ya kilomita.

Hapa ndipo yamfaa mtafiti kumtazama mtu ambaye hakuwamo mashuani. Katika ziwa hili, kama katika pwani ya Waswahili, mwenye chombo huitwa tajiri, na nahodha ni mtu mwingine. Aghalabu tajiri hutoa mashua, nyavu, mashine na mafuta, na pato hugawanywa baada ya gharama kutolewa. Tajiri aweza kuwa anakaa Ikola. Aweza kukaa Mpanda, akihesabu siku za soko. Upepo haumpati. Meli inapopiga honi, au lori la samaki linapongoja, ni neno lake liamualo kama mashua itashuliwa, hata asipolitamka. Nahodha anajua kwamba akikataa mara mbili, mara ya tatu mashua itakuwa na nahodha mwingine. Mpiga kafi wa mwaka 1858 aliweza kukaa kitako mbele ya Burton. Nahodha wa siku hizi hana uhuru huo, na katika jambo hili maendeleo yamerudi nyuma.

Mashine ilizidisha neno hilo. Mtumbwi wa makafi haukuweza kwenda mbali kuliko nguvu za mikono, kwa hiyo ulikaa karibu na pwani kwa lazima, na lazima ikawa ulinzi. Mashine ya nyuma huupeleka mtumbwi katikati ya ziwa kwa saa chache. Inapozimika, kwa plagi iliyolowa au mafuta yaliyochanganyika na maji, chombo huwa kimefika mahali ambapo kafi hazikifikishi popote, na mara nyingi kafi hazimo. Upepo wa kusi hukichukua na kukipeleka upande wa Kongo. Wavuvi wa kipe, ambao huwasha taa usiku wa giza ili kuvuta dagaa juu, wameona mambo haya kiasi kwamba wengine hawaondoki peke yao; huenda kwa kundi, taa zao zikionana.

Wenye vyombo wamejifunza, na haifai kuandika kana kwamba hawakujifunza. Wapo waliorudisha makafi mawili chini ya mabenchi baada ya kupoteza mashine moja. Wapo walioacha kupanga magunia katikati ya chombo tangu walipoona kwamba maji yakiingia hapana mahali pa kusimama mtu wa kuyafua. Fundi huambiwa abadili misumari kabla haijala mbao, na kalafati hufanywa kabla ya kusi badala ya baada yake. Mafunzo haya ni ya kweli, lakini yote ni mafunzo ya chombo. Funzo la ufukoni, yaani nani aamue kuondoka, na chombo kitalala wapi upepo ukigeuka, limekuwa gumu zaidi, kwa sababu gharama yake humwangukia tajiri na faida yake humwendea nahodha.

Msemo wa ajali haina kinga husemwa mara nyingi katika matanga ya mwambaoni, nao ni faraja kwa waliofiwa. Ukitumiwa na mwenye chombo huwa kitu kingine. Huwa hati ya kujiondolea deni. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilizama katika Ziwa Victoria karibu kabisa na gati la Ukara, watu 228 wakafa. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na nchi kavu ilikuwa mbele ya macho yao. Mwezi Desemba 2014, katika Ziwa Tanganyika lenyewe upande wa Kongo, MV Mutambala ilipinduka na kuua watu zaidi ya 120. Upepo ulitajwa, na wingi wa shehena ukatajwa pia. Katika visa vyote viwili shehena ilipakiwa nchi kavu, na watu waliokuwa na muda wa kuhesabu.

Tangu mwaka 2018 kazi ya kusajili na kukagua vyombo vidogo imekuwa mikononi mwa Wakala wa Meli Tanzania, iliyoirithi SUMATRA, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa makubwa. Nahodha mwenye simu aweza kuupata utabiri huo kabla ya jua kuchwa. Utabiri humpa sababu ya kukataa, jambo ambalo si dogo. Ni jepesi zaidi kwa kijana kumwambia tajiri kwamba Mamlaka imekataza kuliko kumwambia kwamba yeye mwenyewe ameliangalia wingu. Yafaa kuangaliwa kama tajiri husikia.

Mwaka 2022 ujenzi wa bandari mpya ya Karema ulikamilika, na kwa mara ya kwanza pwani ya Katavi ikapata gati la meli na maji yaliyokingwa dhidi ya mawimbi. Ilijengwa kwa matumaini ya biashara na Kongo, na kwa vipimo vya meli kubwa. Ghuba ndogo za mwambao, ambamo vyombo vingi vya wavuvi hulala, zimebaki kama zilivyokuwa, na mashua huko bado hukokotwa juu ya mchanga. Wakati huohuo ziwa limeanza tena mwendo wake. Katika mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda hata yakafunika mitaa ya Bujumbura na Uvira, na wavuvi wa pwani zote wakalazimika kusogeza vyombo vyao na vichanja vya kukaushia dagaa kuelekea nchi kavu. Sehemu ya ardhi ambayo ziwa liliiacha mbele ya boma la Cambier imekwisha kujengwa nyumba na kulimwa mashamba, na wazee wa Karema huwaonyesha wageni mahali maji yalipokuwa.